Sufuria Iliyorudi Imejaa

Nella alionja kwanza, kama desturi inavyotaka. Alifunua sufuria mbele ya macho ya wote, akachota maharage na kipande cha ndizi, akatafuna taratibu, akameza, kisha akafungua kinywa kidogo kama anayesema: haya, mmeona. Ndipo akajaza sahani na kumnyooshea Arlène kwa mikono miwili.

“Kula, mutoto wangu. Ndizi na maharagi, vile unapenda. Nimetia na mawese.”

Arlène alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta wa tofali, uso umevimba chini ya macho, mpira wa dawa umefungwa bandeji shingoni. Harufu ya mawese ilimfikia. Alifumba macho, akayafumbua.

“Aksanti, tantine. Siwezi.”

“Huwezi kuinua mukono? Leta nikulishe.”

“Hapana. Siwezi kukula. Docta alikataza.”

Nella alicheka, akawageukia mama wa kwaya waliokuja naye kumtazama mgonjwa. “Munasikia? Docta gani anakataza mugonjwa kukula?”

Fidès, mama yake Arlène, alikuwa mlangoni akipuliza moto. Aliacha moto akaingia mbio, majivu yangali usoni. “Nella, ndugu yangu, si chakula yako. Ni figo. Zote mbili zimekufa. Ndizi inaweza kumusimamisha moyo, maharagi vilevile. Na chumvi inamujazia maji.”

“Figo iko mugongoni,” mmoja wa wale mama alisema. “Ndizi inaenda tumboni. Vinakutana wapi?”

Wakacheka. Wakaacha kucheka, kwa sababu Nella hakuwa anacheka tena.

“Mi nimeonja,” alisema. “Fidès, umeona nimeonja.”

“Nimeona.”

“Basi?”

Kwa watu wa Uvira na Fizi kule Kongo, na kwa Warundi kama Nella vilevile, sumu ni jina linalotajwa kwa sauti ya chini. Ndiyo maana mwenye chakula huonja kwanza. Chakula ambacho hakijaonjwa, unaweza kukikwepa kwa adabu, useme umeshiba. Kilichoonjwa mbele yako ukakikataa, umeshasema neno ambalo mdomo haukulitamka. Fidès alilijua hilo tangu akinyonya. 

Nella alirudisha maharage kutoka kwenye sahani hadi sufuriani, kijiko kwa kijiko, bila haraka. Akafunika. Akajitwika. Kutoka mlango wa Fidès hadi mlango wa Nella kuna nyumba kumi na kitu, na saa hiyo kila mtu alikuwa nje, anasuka, anapepeta, anabishana na mtoto. Wote waliona sufuria imekwenda kwa mgonjwa ikiwa imejaa, na wote wakaiona inarudi imejaa.

* * *

Fidès alikuwa anauza mandazi kando ya njia ya soko. Asubuhi ya Jumatatu yalibaki nusu beseni. Jumanne hakuuza, maana Jumanne na Ijumaa ni siku za mashine ya kusafisha damu Lilongwe. Jumatano hakuna aliyesimama hata mmoja, isipokuwa Mmalawi wa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ambaye hakujua habari za mtaa. Alikula mawili juu ya baiskeli yake, akasema zikomo, asante ya kwao, akaenda.

Kwenye bomba la maji alisikia aliyotakiwa kusikia. Walisemeana wao kwa wao, lakini kwa sauti ya kumfikia.

“Mtu anayejua sana sumu ya bengine, yake ameificha wapi?”

“Labda kwa unga wa mandazi.”

“We, nyamaza! Utatushindisha njaa!”

Kicheko kikapanda. Fidès alijaza ndoo yake mpaka pomoni, akajitwika, maji yakamwagikia shingoni, akatembea wima kama askari. Alipofika nyumbani akaiweka ndoo chini, akakaa kando yake. Ndoo nzima ya maji, na ndani mle mwanawe ameruhusiwa kikombe kimoja kidogo kwa siku nzima, anakinywa kwa kulamba kama paka. Midomo imepasuka. Usiku anaota anakunywa ziwa.

Nella ndiye aliyekuwa mtu wake. Tangu wafike Dzaleka, kambi hii ya wakimbizi Malawi, walikuwa wakiazimana makaa, chumvi, kitenge cha kwenda msibani, na siri. Mmoja akipika mwingine anajua kwa moshi. Sasa moshi wa Nella ulipanda peke yake, wa Fidès peke yake, na kati yao njia ikawa pana kama uwanja wa mpira.

Gélase alikuja Alhamisi. Ni fundi cherehani, na ndiye mwenyekiti wa mtaa, mtu wa Fizi kama Fidès. Hakukaa. Alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia ikining’inia shingoni.

“Mama Arlène, banasema unasema mutoto balimuroga.”

“Mi sijasema.”

“Sufuria imesema.”

“Baba Gélase, ni presha. Ilimukaa mwilini miaka, kimya, hatukujua. Kichwa kilikuwa kinamuuma, mi namununulia vidonge vya maumivu, anameza kama karanga. Uso ukaanza kuvimba asubuhi, nikasema ni usingizi. Figo haipigi kelele. Siku ilipopiga ilikuwa imeisha. Hapo Nella anaingia wapi?”

“Mi naelewa.” Gélase alijikuna shingo. “Lakini mi niko mumoja. Bantu wako wengi, na hawaelewi figo. Wanaelewa sahani.”

* * *

Ijumaa walifika hospitali kubwa ya Lilongwe jua likiwa bado changa. Kabla ya mashine, mizani. Mizani ndiyo inayojua uliyokunywa kwa siri. Arlène alipanda, mshale ukacheza, Tamandani akatabasamu na kutikisa kichwa. Vizuri.

Tamandani ni msichana Mmalawi anayesomea uuguzi, makazi yake mtaa wa Area 23 mjini, sketi yake imepigwa pasi mpaka inakata. Siku hiyo walikuja wanafunzi wenzake pia, wakazunguka kitanda, na mwalimu wao, mwanamke mrefu mwenye miwani, akabonyeza kidole kwenye muundi wa Arlène. Alipokitoa, shimo likabaki, kama kidole kwenye donge la unga. Wanafunzi wakainama wote kulitazama lile shimo. Mmoja akaomba naye abonyeze. Arlène alitazama dari. Fidès alitaka kumfunika mwanawe miguu, akaogopa, akalishika shuka tu bila kulivuta.

Walipoondoka, Tamandani alibaki. Alimwonyesha Fidès jinsi ya kulinda bandeji ya shingoni isilowe, akamwambia joto likipanda au akitetemeka wasingoje. Kila alichosema kwa Chichewa, Arlène alikigeuza kwa mama yake, maana Arlène alisoma shule ya kambini na Fidès aliishia darasa la tano kwao Fizi. Kwa hiyo msichana alikuwa anajisomea hukumu yake mwenyewe kwa sauti.

“Anasema figo ni kama bamama wawili wenye ungo. Wanakaa nyuma ya mugongo, wanapepeta damu usiku na mchana. Kizuri kinabaki, kapi linatoka na mukojo. Sasa bangu wameweka ungo chini.”

“Na masini?”

“Masini inapepeta mara mbili kwa juma. Katikati, kapi linarundikana ndani ya nyumba.” Arlène alimsikiliza Tamandani tena. “Anasema kutoka vendredi mpaka mardi, Ijumaa mpaka Jumanne, ni mbali. Hizo njo siku mbaya. Mugonjwa anajiona muzima, anakula ovyo, moyo unasimama bila kupiga hodi. Nikiona miguu inalegea, ao nashindwa kulala chali juu ya pumzi, tusingoje siku ya masini.”

“Muulize. Kama ni kidogo tu? Kama ni ya heshima?”

Arlène alimtazama mama yake. Kisha akauliza. Tamandani hakucheka. Alifikiri, akajibu kwa maneno machache.

“Anasema kapi halijui heshima.”

Saa zile za mashine Fidès alikaa nje, kwenye banda la wasindikizaji, ambapo kila mama ana sufuria yake na moto wake. Walikuwa wanapika nsima, ugali wa kwao, wanapigiana stori, wanapasuka mbavu. Yeye alielewa neno moja kati ya sita. Mama mmoja akamkaribisha kwa mkono, Fidès akasema zikomo, akala matonge mawili, kisha wakamsahau si kwa ubaya. Lugha ni mlango. Asiye na ufunguo anakaa barazani.

* * *

Jumamosi Nella alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa vizuri, akasimama nje ya kizingiti.

“Kesho dimanche tunamutoa mujukuu wangu kanisani. Jina lake Irakiza. Kisha bantu watakula kwangu. Nakualika, na Arlène.”

Fidès akashika fremu ya mlango kwa furaha. “Ndugu yangu! Tutakuja. Karibu ndani.”

“Siingii. Fidès, siku ile nilibeba sufuria imejaa kutoka hapa mpaka kwangu. Mi Murundi, kati ya bantu ya Fizi. Unajua vile wananiangalia sasa? Mana yanje, Mungu wangu, hata batoto wananiangalia. Arlène akija, akule mbele yao, itakwisha. Asipokula…” Alirekebisha kitenge begani. “Kuja tu.”

Nella alipoondoka, Fidès alikaa karibu na mwanawe.

“Kijiko mbili,” alisema. “Unameza, bantu wanaona, tunarudi.”

“Mama, we njo unasema vile?”

“Mbili tu. Jana umetoka kusafishwa. Uko mupya.”

“Tamandani alisema nini?”

“Tamandani haishi hapa! Akimaliza kazi anarudi kwao Area 23, iko na majirani, iko na mama wa kumupikia. Mi niko na nani? Mandazi natupia kuku. Natembea njiani kama mwenye ukoma. Nikifa hapa, nani atanifunga kitambaa cha kichwa?”

“Uko na mi.”

“We? We nusu ya juma uko ya masini.”

Neno lilitoka, likakaa kati yao. Fidès alitamani kuliokota. Arlène alivuta shuka mpaka kidevuni, akageukia ukuta, na sauti yake ikatoka upande wa tofali.

“Sawa, mama. Nitakula.”

* * *

Nyumbani kwa Nella walitandika maturubai chini ya kivuli cha hema la kukodi. Wakawaketisha Arlène na mama yake mbele, pale pa wageni wa heshima. Nella akaja na sahani ya ndizi na maharage, akaonja. Hema zima likanyamaza, hata mtoto aliyetolewa kanisani akanyamaza.

Arlène akatia kijiko mdomoni.

Vigelegele vikalipuka. Mama wa kwaya wakapiga makofi, mmoja akaanza pambio, Nella akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kijiko cha pili kikaenda. Kisha cha tatu, maana miezi mingi Arlène alikuwa amekula nsima isiyo na chumvi na majani yaliyochemshwa na maji yake kumwagwa, na ulimi wake, ulimi wa msichana wa miaka kumi na tisa, ulikuwa umesahau na sasa unakumbuka. Chumvi. Mawese. Nyanya. Macho yakamlegea kwa utamu. Mtu akamwongezea. Mtu mwingine akamletea thobwa, ule uji mtamu wa mahindi wa hapa Malawi, kikombe kikubwa, baridi kutoka mtungini, na akakinywa chote kwa mkupuo bila kushusha, koo likipanda na kushuka.

Fidès aliona. Aliona sahani ya pili, akaona kikombe kinajazwa tena. Akageuza uso, kwa sababu mama mmoja alikuwa amemshika mkono akimnong’oneza habari za harusi ya binti wa Wilondja, jirani yao, na mwingine akamwegemea bega akicheka, na yule wa bomba la maji, yuleyule wa kuficha sumu kwenye unga, akamwambia, “Kesho niwekee mandazi kumi, mama Arlène, usiniuzie ya jana.” Mwili wake wote ukawa kama mtu aliyeingia ndani kutoka kwenye mvua. Alijiambia atamzuia sasa hivi. Akimaliza tu kusikia hii.

Walirudi jioni wakiwa wameshikana mikono.

“Unajisikia je?”

“Nimeshiba, mama,” Arlène alisema, akatabasamu. “Nilikuwa nimesahau kushiba iko je.”

* * *

Alfajiri sauti ilimwamsha, kama mtu anayevuta maji ya mwisho kwa mrija. Arlène alikuwa ameketi wima, mikono imejishikiza sakafuni, mabega yanapanda na kushuka. Kifuani mwake kulikuwa kunachemka.

“Mama. Miguu haiko yangu.”

Fidès alijaribu kumsimamisha, magoti yakakunjika kama nguo. Akatoka nje, akapiga kelele ya jina la kwanza lililomjia, na jina lilikuwa la Nella. Nella akaja mbio bila viatu. Akaona, akashika kichwa, akaenda mbio tena, akarudi na Dieudonné, mwenye pikapu iliyokuwa inapakia nyanya kupeleka soko la Chilinde. Dieudonné alishusha makreti yake njiani, akaacha nafasi, wakamketisha msichana wima kati ya nyanya zilizobaki, maana kulala alikuwa hawezi.

Watu walikuwa wameshatoka nje. Walisimama, mikono vifuani, wakatazama. Nella alitaka kupanda gari. Sauti ya kijana ikatoka katikati yao: “Na wewe unapanda uende kumumaliza?” Nella akashusha mguu.

Njiani kwenye kizuizi, polisi alikuja kuuliza vibali vya kutoka kambini. Alimulika nyuma, akaona, akazima tochi. “Pitani,” alisema. “Pitani, pitani.” Harufu ya tumbaku ya viwanda vya Kanengo, ukingoni mwa jiji, ikawapokea, na Fidès alikuwa anahesabu pumzi za mwanawe, kila moja akiisukuma kwa kifua chake mwenyewe.

Hospitalini walimkimbiza ndani. Wakambandika waya kifuani, mashine ndogo ikatoa karatasi yenye mistari, na ile mistari ilikuwa na ncha ndefu, kali, kama paa za mahema. Mwalimu mwenye miwani aliwaonyesha wanafunzi zile ncha kwa kalamu, haraka, hakutabasamu mtu. Sindano ya kuutulizia moyo ikaingia mshipani polepole. Wakamvika kinyago cha hewa. Tamandani alikuwa anasukuma mashine ya kusafisha damu, anaivuta, anaunganisha.

Mwalimu akamgeukia Fidès. “Amayi, wadya chiyani?”

Amekula nini. Hilo Fidès alilielewa. Akamtazama Arlène amsemee, kama siku zote. Arlène alikuwa ndani ya kinyago, macho yamefumba. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusimama kati yake na lile swali.

“Nyemba,” Fidès alisema. Maharage. Wanafunzi wakamtazama. “Nthochi.” Ndizi. “Thobwa.”

“Wamupatsa ndani?”

Nani amempa. Fidès aliinua mkono, akajiwekea kifuani.

“Ine,” alisema. Mimi.

Mwalimu alishusha pumzi. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Aliandika, akarudi kwa mgonjwa, na mwanafunzi mmoja, mdogo kabisa, akamsogeza Fidès pembeni kwa kiwiko ili apite na trei.

* * *

Simu yake ililia akiwa ukumbini. Ni Gélase, na nyuma ya sauti yake kelele nyingi.

“Mama Arlène! Mutoto amekufa?”

“Hajafa. Nani anasema amekufa?”

“Wanasema. Sikia, vijana wako mulangoni kwa Nella. Wanasema Murundi ameua mutoto wetu. Wameshavunja kitasa. Mi nimesimama mbele yao, lakini mi fundi wa nguo, niko na mkasi tu. Sema kitu. Nimeweka sauti yote, wanasikia.”

Fidès aliegemea ukuta. Watu walipita na machela, na maji ya kupigia deki, na chai. “Ni figo,” alisema. “Bantu ya kwetu, ni figo yake.”

Kelele ikamrudia masikioni. “Figo! Kila siku figo!” “Kabla ya kukula alikuwa muzima!” “Alikula wapi, mama? Sema jina! Alikula wapi?”

Hapo alikuwa na mlango wa kutokea. Asingesema uongo hata. Angenyamaza tu, na ukimya ungefanya kazi yote. Kesho wangemrudia na vilio na unga, mama wa mtoto aliyerogwa, wangemkumbatia mpaka achoke. Asingekuwa peke yake tena mpaka kufa.

“Alikula kwa Nella,” alisema. “Na Nella hakujua. Munanisikia? Nella hakujua. Mi nilijua. Lopitali ilinikataza, mi mwenyewe, kwa masikio yangu, ndizi, maharagi, chumvi, maji mengi. Mutoto alikataa. Mi nikamusukuma. Alipokuwa anakula nilimuona na sikumuzuia, juu nilikuwa nasikia utamu wa kukaa na nyinyi. Hakuna sumu. Chakula ile mulikula wote, mbona muko wazima? Mukitaka mulango wa kuvunja, vunjeni wangu. Niko huku, hakuna wa kuwazuia.”

Ikaja sauti ya mwanamke, mbali kidogo na simu: “Mama gani huyo?” Na nyingine: “Twende, twende.” Na nyayo, nyingi, zikipungua. Hakuna aliyemwambia pole.

“Wanaenda,” Gélase alisema. Alikohoa. “Mama Arlène… haya. Huyu Nella anataka simu.”

Alisikia pumzi kwanza.

“Mutoto anapumua?” Nella aliuliza.

“Anapumua. Masini inamusafisha.”

“Mungu asifiwe.”

“Ndugu yangu, kitasa nitakutengenezea. Nikirudi, kitu cha kwanza…”

“Fidès.”

“Ndiyo.”

“Mi sitakuja tena kwako. Na we usikuje kwangu. Usifikiri ni hasira, hasira ingepoa. Ni woga. Siku ingine mutoto akianguka, na simu yako iko imezimika, mi nani atanisemea?”

Fidès aliibana simu sikioni.  

“Njo vile,” alisema.

“Njo vile,” Nella alisema, na simu ikakatika.

Aliporudi ndani, Tamandani alimsogezea kiti, akamwonyesha kwa vidole: bado, saa nyingi bado. Mashine ilikuwa inazungusha damu, nyekundu inatoka, nyekundu inarudi, na kifua cha Arlène kilikuwa kimeacha kuchemka. Walikuwa wamemvua kinyago na kumwekea mpira mdogo puani. Alifumbua macho.

“Nani alikuwa anapiga simu?”

“Bantu ya nyumbani.”

“Wanasema nini?”

Fidès alikaa. Akamshika mkono ule usio na sindano, akausugua kucha moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akimfanyia akiwa mchanga.

“Wanakusalimia,” alisema.

“Na tantine Nella?”

“Huyo njo amekusalimia kuliko bote.”

Arlène akatikisa kichwa kidogo, ameridhika, akalala. Na Fidès akabaki amekaa, katikati ya watu wanaosema lugha asiyoijua, akiulinda ule mkono.